Uzoefu wangu na mawaridi meupe mafupi kwenye jua la Moshi

Waridi la kwanza nililopanda hapa Pasua sikulinunua, nililiomba. Shangazi yangu anakaa Ilboru, Arusha, na mlangoni kwake kuna mwaridi wa rangi ya damu ya mzee ambao kila mgeni lazima ausifie kabla hajakaribishwa kukaa. Nikakata vijiti vitatu, nikavifunga kwenye gazeti bichi, nikashuka navyo kwa Kosta. Kimoja kikashika. Desemba kikatoa ua, nikalipiga picha, nikamtumia shangazi kwa majivuno. Januari, saa saba mchana, natoka kuanua nguo, nakuta kingo za petali zimekuwa nyeusi na kujikunja kama karatasi iliyopitishwa juu ya jiko la mkaa. Nikajua ni ugonjwa. Nikanunua dawa, nikapiga mara mbili. Kumbe ua halikuwa linaumwa. Lilikuwa limeungua tu.

Arusha mjini iko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini haifiki 900. Ni mwendo wa kilomita themanini hivi kwa barabara, lakini kwa waridi ni nchi mbili tofauti. Petali za rangi nzito zinameza jua, zinapata moto kuliko petali nyeupe au za krimu, ndiyo maana wekundu wa shangazi ukishuka huku unageuka mkaa. Ndipo nikaamua: bustani yangu itakuwa ya rangi za kupauka, na miti iwe mifupi, kwa sababu uwanja wangu ni hatua nane kwa sita na nusu yake ni saruji. Na sababu nyingine, ambayo mume wangu anaicheka: sisi tunakaa barazani jioni. Umeme ukikatika, ua jekundu linapotea gizani pamoja na kila kitu. Jeupe bado unaliona.

Nimenunua mara tatu katika muda wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Naeleza moja moja, kwa sababu mara ya kwanza nililiwa.

Nilisimama kwenye kitalu cha kando ya barabara, sitakitaja. Kijana akanionyesha miche minne kwenye viriba, kila mmoja umefika gotini, juu una ua moja jeupe kubwa, limejipanga kama la kadi ya harusi. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hili halirefuki?" Akasema, "Mama, hili ndo mwisho wake hapa. Fupi kabisa." Shilingi elfu saba kila mche. Nikalipa bila hata kubishana, jambo ambalo mama yangu angelisikia asingenisamehe.

Miezi mitatu baadaye ile miche ilikuwa inanifika begani. Chini miguu mitupu, katikati majani ya kuhesabika, juu kabisa ua moja kwa kila tawi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ile ni aina ya waridi la kukata, lile linalolimwa kwenye mabanda ya plastiki kwa ajili ya kusafirishwa nje kwa ndege. Limezalishwa makusudi lipande juu kwa kikonyo kirefu kilichonyooka, tena ndani ya banda ambamo maji, mbolea na dawa vinapimwa. Kwenye uwanja wa Pasua linakuwa kama mtu aliyezoea hotelini akapelekwa jandoni. Ufupi niliouona pale kitaluni ulikuwa ufupi wa mkasi.

Kuna jambo la pili. Miwaridi mingi ya namna hii inabebeshwa juu ya shina la aina nyingine. Mashamba ya maua huku Afrika Mashariki yanatumia sana shina linaloitwa Natal Briar, kwa sababu lina mizizi yenye nguvu. Nguvu hiyo ni nzuri mradi ibaki chini. Mmoja wa miche yangu ulitoa chipukizi refu kutoka chini ya pale ulipobebeshwa, nikafurahi, nikaona mti umechangamka. Nikaliacha. Baada ya wiki chache lile chipukizi, lenye majani ya umbo jingine kabisa, lilikuwa limekula mti mzima. Upande wa juu uliokuwa na ua jeupe ukakauka. Sasa najua: chipukizi la chini ya kiungo linafukuliwa mpaka linapoanzia na kung'olewa kwa mkono, maana ukilikata kwa mkasi linarudi na ndugu zake. Nilimtumia yule kijana picha. Tiki mbili za bluu, na mpaka leo kimya.

Kwa hiyo siku hizi nikifika kitaluni siangalii ua kwanza. Nachuchumaa. Naangalia matawi mangapi yanatoka karibu na udongo. Nataka matatu au zaidi, si moja lililosimama kama fimbo ya mzee wa kanisa. Naangalia nafasi kati ya jani na jani: zikiwa zimekaribiana, huo ufupi ni wa asili, zikiwa mbalimbali, ni mrefu aliyenyolewa. Kisha natafuta alama za kukatwa kwenye ncha. Na ua lenyewe, nataka lililokuja kwa kichala, matumba matano au saba kwenye tawi moja, si moja kubwa la kujidai. Maua ya vichala ni madogo, lakini hili likiungua lile linafunguka, na mti hauonekani mtupu.

Ununuzi wa pili ndio uliofanya niandike haya. Mama mmoja upande wa Tengeru, karibu na Arusha, ana kitalu nyuma ya nyumba yake, na kila kiriba kina kijiti kilichoandikwa jina. Hilo peke yake lilinipa imani. Nilichukua miche mitano ya Iceberg, elfu kumi na tano kila mmoja. Ni ghali, ndiyo. Iceberg ni waridi la Wajerumani, lilitolewa na familia ya Kordes mwaka 1958, na mwaka 1983 lilichaguliwa kuwa waridi linalopendwa zaidi duniani na shirikisho la vyama vya mawaridi. Mimi nilikuwa nimelisikia tu kama "lile jeupe la kwenye hoteli". Miiba yake ni michache, majani ni ya kijani cha kung'aa, na vichala havikomi.

Nimelipanda upande wa mashariki wa nyumba. Linapata jua tangu asubuhi hadi kama saa saba, halafu kivuli cha ukuta kinalifunika. Saa sita za jua zinalitosha kabisa. Lile jua la saa nane mpaka saa kumi ndilo linaloua, na nadhani nusu ya mafanikio yangu ni ule ukuta. Kila shimo nilichanganya udongo na samadi iliyokaa miezi, ya ng'ombe wa jirani, nikaweka matandazo ya maganda ya kahawa unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Maji ni ndoo ndogo ya lita kumi kwa kila mti mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, asubuhi na mapema, chini, si juu ya majani. Januari ya pili imepita. Maua yalifunguka haraka na kuanguka haraka, siku nne tano limekwisha, na yalikuwa madogo kuliko ya Juni. Lakini hakuna hata moja lililokuwa jeusi.

Kasoro zipo. Kwanza, si fupi kama nilivyotegemea. Yule mama aliniambia "kiunoni", na ni kweli kiunoni ukiwa na mkasi. Huku kwetu hakuna baridi kali ya kuulaza mti, unakua mwaka mzima, na ukiuachia unapita kichwa. Napogoa mwezi wa saba wakati wa ubaridi, naondoa theluthi moja. Januari sigusi kitu zaidi ya kuondoa maua yaliyokufa, kwa sababu majani ndiyo mwavuli wa matawi. Ukiyavua kwenye jua lile, matawi yenyewe yanababuka. Pili, masika yanaliumiza. Aprili majani ya chini yalijaa madoa meusi, yakageuka njano na kupukutika, mti ukabaki na shingo. Nimekusanya yale majani yote na kuyachoma, nimeachanisha matawi ya katikati ili hewa ipite, na limerudi. Anayetaka waridi la kutotazamwa kabisa apande masale, hayo hata ukiyasahau miaka kumi utayakuta.

Tatu ni kioja. Julai matumba yalikuja na wekundu kwenye kingo, pinki ya mbali. Nikampigia yule mama, nimenuna tayari. Akacheka. "Shoga, ni baridi hiyo. Likifunguka litakuwa jeupe." Na likawa jeupe. Iceberg hufanya hivyo hali ya hewa ikipoa, na sasa napenda matumba ya Julai kuliko ua lenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wa rangi za kupauka hawakuambii, yule mama akiwemo. Ua jeupe halina pa kuficha uchafu. Mwezi wa pili niliona michirizi ya kahawia kwenye petali, kama mtu amezifuta kwa kidole chenye chai. Nikasema jua limenishinda hata kwa nyeupe. Dada mmoja wa duka la pembejeo akaniambia nichume ua nilipige juu ya karatasi nyeupe. Nikapiga. Vikadondoka vidude vyembamba kuliko uzi, rangi ya majani makavu, urefu kama milimita moja, vikaanza kukimbia kila upande. Vithiripi. Vinajificha ndani kabisa ya tumba, kwa hiyo dawa ya juujuu haivifikii, na vinapenda hasa maua ya rangi nyepesi. Tofauti na kuungua ni hii: ua lililoungua linaanza kukauka ncha zilizoelekea jua, lililoliwa na vithiripi lina michirizi hata kwenye petali za ndani, na tumba lingine halifunguki vizuri. Nilichuma maua yote yaliyokuwa na dalili, hata yale mazuri mazuri, nikafunga kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha juani siku nzima. Moyo uliuma. Kichala kilichofuata kilikuwa safi.

Ununuzi wa tatu ni yale mawaridi vibete ya kwenye chungu, ya rangi ya krimu, ua dogo kama kifungo cha koti. Nilichukua matatu sokoni, elfu tano kila moja, hayana jina, na muuzaji hakujifanya analijua. Kwenye suala la kimo haya hayadanganyi: mwaka mzima hayajapita shubiri mbili. Yametokana na vipandikizi vyenye mizizi yake yenyewe, hivyo hakuna vita ya shina la chini. Kosa lilikuwa langu. Niliyaacha kwenye viriba vyeusi juu ya saruji. Siku moja mchana nikachomeka kidole kwenye udongo kupima unyevu, nikakitoa haraka. Ule udongo ulikuwa wa moto kama uji. Moja likafa. Mawili niliyahamishia kwenye vyungu vya udongo vyenye tundu chini, nikayapandisha juu ya matofali mawili yasikae kwenye saruji, na nayamwagilia kila siku asubuhi. Shida yake ni utitiri mwekundu, vidudu vidogo mno vinavyofyonza majani, kipindi cha ukame. Ukiona majani yamefifia na nyuma yake kuna utando mwembamba kama wa buibui, umechelewa kidogo. Mimi nayalaza ubavuni na kuyaosha chini ya majani kwa bomba, siku tatu mfululizo. Dawa za dukani sijatumia tena.

Nikitoa nyota: kitalu cha barabarani moja, na hiyo ni kwa ajili ya viriba ambavyo nilivitumia tena kwa pilipili. Iceberg wa Tengeru nne. Vibete vya sokoni tatu na nusu, vingepata nne kama havingetaka maji kila siku ya Mungu, maana huku mabomba nayo yana siku zake. Rangi ya pichi na njano ya kupauka nimeziona kwa watu. Kwenye jua letu zinafunguka na rangi asubuhi, kesho yake ni krimu. Usizinunue kwa ajili ya picha ya kwenye simu. Na kama utaonyeshwa Peace, lile waridi la Wafaransa la mwaka 1945, la njano hafifu lenye ukingo wa pinki, ni zuri mno, lakini ni mti mkubwa wenye maua makubwa. Kwenye uwanja kama wangu lingetutoa sisi nje.

Lile la shangazi bado lipo. Nimelihamishia nyuma ya jiko, chini ya mwembe, na mwezi wa saba hutoa maua mawili matatu ya heshima.

Mwezi huo huo narudi Tengeru kuchukua Iceberg wengine watatu. Safari hii nabeba gunia bichi na ndoo yangu, na nitakaa siti ya nyuma, kwa sababu mara iliyopita kondakta aliipanga miche yangu mitano vizuri kabisa juu ya injini.