TAHADHARI: Tangi la boti lenye kizibo kisichopumua, na fundi wa kukuuzia pampu

Wavuvi, manahodha na wenye boti ndogo za faiba, hasa mnaofuata vifaa Dar es Salaam: yako matangi ya mafuta ya kubebeka, yale mekundu ya lita 24 tunayoweka nyuma karibu na mashine, yanauzwa kama orijino na si orijino. Ubovu wake uko kwenye kizibo. Skrubu ya hewa inazunguka vizuri kabisa, ila hewa haipiti. Na duka lililoniuzia lina fundi wake, ambaye hatakwambia habari ya kizibo mpaka umeshanunua pampu ya mafuta na kabureta.

Jina la duka silitaji hapa. Nataka mjue mchezo wenyewe unavyochezwa, maana nikiuliza kwa wenzangu Kunduchi na Kigamboni nasikia hadithi ileile.

Unanunua tangi, unalijaza, mashine inawaka kwa kamba ya kwanza. Unatoka vizuri. Baada ya muda, ukiwa umeshavuta resi na umeiacha pwani nyuma, mashine inaanza kukosa nguvu, inakohoa, inazima. Unakamua ile pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta, inawaka tena, inakwenda kidogo, inazima. Nahodha wangu ilimkuta nje ya kisiwa cha Mbudya, kusi limeshapanda, chombo kikawa kinasukumwa kuelekea mwambani. Wakatupa nanga. Nanga ikashika, Mungu mkubwa. Walikuwemo vijana wawili ambao mama zao wananijua kwa jina.

Tuliporudi dukani, muuzaji hata tangi hakuliangalia. Akasema, "Kaka, hiyo pampu ya mafuta imekufa, mashine haivuti." Akaitwa fundi, akaja na pampu mpya mkononi, kana kwamba alikuwa anatungoja. Tulipoifunga na mashine ikazima tena, ikawa kabureta. Baada ya kabureta wakaanza kutaja koili. Fedha zile zingenunua tangi halali na chenji ikabaki.

Uongo wao unaonekana hapa. Mashine ilipozima, ile pampu ya mkono ilikuwa imenywea, imebanwa bapa kabisa, ukiiachia hairudi. Pampu ya mkono hainywei hivyo isipokuwa kuna kitu kinaivuta, na kinachoivuta ni hiyohiyo pampu ya mafuta waliyoniambia imekufa. Pampu iliyokufa haina nguvu ya kunyonya kitu. Kwa hiyo ukiona hiyo pampu ya mkono imelala bapa, shida iko nyuma yake, upande wa tangi: tundu la hewa limeziba, au chujio la ndani ya tangi limejaa uchafu, au mpira umejikunja mahali. Fundi yeyote wa mashine za boti analijua hili.

Kinachotokea ni rahisi. Mafuta yakitoka kwenye tangi, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, tangi linabaki na mvuto ndani unaozuia mafuta yasitoke, sawa na kopo la maziwa ulilolitoboa tundu moja tu. Ndiyo maana mwanzoni mashine inakwenda vizuri, shida inakuja baadaye. Ukiwa na shaka, ukiwa baharini na mashine imezima, legeza kizibo pole pole usikilize. Ukisikia "fyuuu" ya hewa inayoingia, na mashine ikiwaka na kwenda bila tatizo kizibo kikiwa kimelegezwa, umeshapata jibu. Hakuna haja ya kununua kitu kingine zaidi ya kizibo.

Nilikifumua kizibo chenyewe mezani. Kile halali, skrubu ya juu inafungua njia nyembamba inayopita hadi ndani ya tangi. Hiki changu, njia ilikuwa imechongwa nusu tu, ikaishia kwenye plastiki. Kingine ambacho jirani yangu alinunua dukani hapohapo kilikuwa na tundu kamili, ila mpira wa kuzibia uliowekwa chini ulikuwa duara zima badala ya pete, umeliziba tundu lote. Ukivitazama kwa juu, vyote viwili vinapendeza, vina mishale ya kufungua na kufunga.

Muuzaji alipobanwa alitoa majibu mawili, na yote yana hatari, kwa hiyo msiyakubali.

La kwanza: "Toboa tu kizibo kwa msumari wa moto." Usithubutu. Tundu usiloweza kulifunga linaingiza maji ya chumvi kwenye mafuta wimbi likipiga, na mvuke wa petroli unatoka muda wote. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutuama kwenye ngama, chini kabisa, usipouona. Hapo panatosha sigara moja, au cheche ya terminali ya betri iliyolegea. Boti ya faiba ikishika moto baharini hakuna pa kukimbilia.

La pili: "Hili ni la kisasa, linapumua lenyewe." Hapa amechukua ukweli akaupaka kwenye uongo. Ni kweli Marekani, tangu 2011, matangi ya kubebeka ya boti yanatakiwa kuwa na kizibo kinachojifunga chenyewe: kinaruhusu hewa kuingia mafuta yakivutwa, lakini kinazuia mvuke kutoka mpaka mgandamizo wa ndani ufike kiwango fulani. Matangi hayo yapo. Lakini kizibo chenye skrubu ya hewa kimetengenezwa ufungue kwa mkono, na kama ukifungua hakipitishi hewa, ni kibovu. Hakuna cha usasa.

Msidhani madhara yake ni kuzimiwa tu. Mashine zetu nyingi ni za mipigo miwili, oili inachanganywa kwenye petroli. Mafuta yakipungua kufika, oili nayo imepungua, na wewe bado umevuta resi. Pistoni inapata joto bila kilainishi, na hapo ndipo mashine zinapojamu. Na boti ikiwa imeegeshwa juani, kizibo kisichopumua kinafanya kinyume chake: petroli inatanuka, tangi linavimba mpaka kitako kinabinuka, mafuta yanasukumwa kwenye kabureta mpaka yanamwagika. Ukikuta tangi limevimba hivyo, chomoa mpira upande wa mashine, kisha fungua kizibo taratibu, uso ukiwa mbali. Hata tangi zima, mkimaliza safari chomoeni mpira.

Ukienda kununua, lijaribu dukani likiwa tupu. Ziba kwa kidole pale panapochomekwa mpira, kaza kizibo, fungua skrubu ya hewa, kisha bonyeza ubavu wa tangi kwa goti. Hewa itoke pale kwenye skrubu, uisikie. Funga skrubu, bonyeza tena: isitoke kabisa. Muuzaji akikukataza kufanya hivyo, toka. Na usipokee kikaratasi cha kuandikwa kwa mkono. Mimi nilipewa risiti ya kuandikwa, "tangi 1" tu, hakuna aina wala modeli, na nilipodai risiti ya EFD, ile inayotolewa na mashine ya kodi, wakasema mashine hiyo ina hitilafu. Bila risiti, muuzaji anakukana mchana kweupe. Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, na mambo ya ubora yako Shirika la Viwango, TBS. Nimeshawasilisha malalamiko, na kizibo nimekihifadhi kama ushahidi pamoja na picha zake. Nanyi msitupe vyenu.

Wenye matangi ya kujengewa ndani ya boti, haya yanawahusu kwa njia nyingine. Kwenu mpira wa hewa unatoka ubavuni mwa boti, na pale panaziba kwa chumvi, au nyigu wanajenga udongo ndani boti ikikaa nchi kavu. Mpira ukilegea na kutengeneza bonde, mafuta yanatuama humo na hewa inakatika vilevile. Dalili nyingine ni kituo cha mafuta: pampu inakata kila mara na petroli inarudi juu kabla tangi halijajaa. Angalieni hapo kabla ya kumwita fundi yeyote.

Muuzaji amekataa kurudisha fedha, akanipa kizibo kingine. Nacho nimekijaribu kwa goti palepale mbele yake: hakipitishi. Nyuma yake, kwenye rafu, matangi mengine ya namna ileile yalikuwa yamepangwa hadi dari.