Tairi la nyuma la bodaboda: lipi ununue ukiwa Mtwara au Lindi

Minada ya korosho ikianza Oktoba, maduka ya vipuri ya Masasi, Newala na Mtwara mjini hutundika matairi barazani mpaka mlango hauonekani. Hela imeingia, kila mwenye chombo anataka kubadili la nyuma kabla kazi haijachanganya. Wengi hununua kwa jina au kwa bei. Mimi ningeanza na swali jingine: wiki nzima unakanyaga wapi?

Kwa madereva wengi wa huku, namba moja ni tairi la mchanganyiko. Utalijua kwa kashata, yaani vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga chini: ni za wastani, zimekaribiana katikati na kuachana pembeni. Kwenye lami linashika, na ukikunja kuingia kijijini halikuangushi. Tafuta lililoandikwa 6PR. Hicho ni kipimo cha nguvu ya kubeba. 4PR linamtosha mtu wa kwenda kazini na kurudi, si mtu wa kubeba gunia la korosho na mwenye gunia juu yake. Jirani na saizi kuna namba nyingine ndogo inayosema uzito: 47 ni kilo 175, 50 ni kilo 190. Uzito huo ni wa tairi moja, na ni pale tu upepo unapokuwa sawasawa.

Namba mbili ni la lami, lenye mifereji myembamba na mpira mwingi unaogusa chini. Kama kazi yako ni Mtwara mjini, Mikindani, Lindi mjini, au Mnazi Mmoja hadi Masasi, hili litakaa kuliko yote. Nimelishusha kwa sababu abiria wetu hachagui njia. Anakwambia "hapo mbele tu, kaka," na hapo mbele ni kilomita kumi za mchanga.

Namba tatu, kashata kubwa. Vijana wanalipenda kwa sababu linaipa pikipiki sura. Kwa wa Liwale, au anayepanda na kushuka Newala kwenye utelezi wa masika, ni sawa kabisa, na hapo lipande hadi namba moja. Ila likitembea lami kila siku linaisha haraka ajabu. Mpira unaogusa chini ni kidogo, kila kashata inajikunja na kurudi, inapata joto na kulika upande mmoja. Pitisha kiganja juu ya tairi la namna hiyo: ukienda mbele ni laini, ukirudisha nyuma linakukwaruza kama msumeno.

La mwisho ni mtumba, pamoja na kipara kilichochongwa upya kwa kisu cha moto. Hapo sina ushauri zaidi ya kuacha. Kisu hakiongezi mpira, kinapunguza uliobaki juu ya nyuzi.

Majina je? MRF na CEAT ni za India, Timsun ya China, Vee Rubber ya Thailand. Kampuni moja hutengeneza ya lami, ya mchanganyiko na ya kashata kubwa, kwa hiyo jina peke yake halikuambii tairi litakaa muda gani. Ubavuni soma tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT: 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Likizidi miaka mitatu, omba jingine. Lile la kwanza barazani, lililopigwa jua la Mtwara tangu lifike, mwambie muuzaji abaki nalo akupe la ndani. Likunje ubavu kwa dole gumba na uangalie chini ya mifereji. Ukiona nyufa kama nywele, mpira umeshakauka, hata kama limepakwa dawa linang'aa.

Saizi usibuni. Boxer nyingi hutumia 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, pikipiki nyingi za Kichina zina rimu ya 18. Kuweka bonge ili pikipiki ionekane nene kunaleta tairi linalosugua cheni. Nunua na tyubu mpya siku hiyohiyo. Tyubu ya zamani imeshatanuka, ndani ya tairi jipya inajikunja na kupasuka kwenye kunjo.

Bei ipime kwa miezi. Tuseme moja ni shilingi 45,000 na linakaa miezi minne, jingine 70,000 na linakaa tisa. La kwanza linakula zaidi ya 11,000 kwa mwezi, la pili halifiki 8,000.

Miezi hiyo tisa lakini haiji yenyewe. Kinachomaliza matairi huku kuliko barabara mbovu ni upepo. Dereva anapunguza apite mchanga wa Tandahimba, anafika lami, anasahau. Tairi linalala, mabega yanalika, ubavu unachemka, na tyubu inazunguka ndani mpaka inang'oa pua ya kujazia upepo. Ukizidisha nako, katikati kunalika peke yake. Kwa Boxer kawaida ni PSI 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe. Fundi pancha anayebonyeza kwa kidole na kusema "tayari, bosi" hajapima kitu.

Ukikaza cheni, hakikisha alama za kushoto na kulia kwenye swingamu, ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu la nyuma, zinalingana. Gurudumu likikaa upande, tairi linajikokota lami nzima. La mbele likiwa na mabonde mabonde, usilaumu tairi kabla hujatazama shokapu na beringi. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, na breki za ghafla mnazijua wenyewe.

Kubadilisha, usingoje kipara. Kwenye ubavu kuna TWI au pembetatu ndogo. Ifuate mpaka ndani ya mfereji utaona kijinundu, mara nyingi cha milimita 0.8. Kashata zikishuka zikawa sawa nacho, muda umeisha, na mvua za Desemba zitakuonyesha kwa nini. Likishafungwa jipya, angalia mshale wa ubavuni unaelekea mbele, na kilomita 100 za mwanzo usilaze pikipiki kwenye kona, maana tairi bado lina utelezi wa kiwandani.