Pa kulala mkisafiri kundi: hesabu mabafu kabla ya vitanda

Tangazo liliandika "wageni 6". Tulikuwa sita, tukalipa. Tulipofika ndipo tukajua kwamba wawili wetu wanalala sebuleni, kwenye sofa ya kukunjua yenye chuma kinachokukata mgongo, njia ya kila anayekwenda chooni. Choo chenyewe kimoja. Kila asubuhi ni foleni koridoni, miswaki mkononi, na mji tukauona kuanzia saa tano. Siku hizi kabla ya bei naangalia mabafu: moja kwa watu watatu, wanne wakivumiliana sana.

Kwa kundi la wanne hadi wanane wanaokaa siku tatu au zaidi, napanga hivi.

1. Aparthoteli, yaani hoteli ya fleti. Mnapata jiko na sebule, na chini kuna mapokezi. Mwenzenu akichelewa na ndege hadi saa nane usiku, mara nyingi yupo wa kumfungulia. Tena siku ya mwisho mnatakiwa kutoka saa nne au saa tano asubuhi na ndege ni ya usiku. Mizigo mnaiacha mapokezi, mnazunguka mikono mitupu. Kasoro ni kwamba za watu sita ni chache, hivyo wahini, au chukueni mbili ndogo za ghorofa moja.

2. Fleti ya kupanga kwa siku. Mkijaa, kila mmoja hulipa kidogo. Ila ada ya usafi hutozwa mara moja tu: kwa wiki nzima hamuihisi, kwa siku mbili inauma. Chukua jumla ya mwisho kabisa, gawa kwa vichwa, kisha kwa idadi ya usiku, ndipo ulinganishe na hoteli.

Angalieni na sheria. New York tangu Septemba 2023, mwenye nyumba akipangisha kwa chini ya siku 30 lazima ajisajili, awepo mwenyewe nyumbani, na wageni wasizidi wawili. Kundi la sita na fleti nzima, huko sahauni. Barcelona nayo imetangaza kutohuisha leseni za fleti za watalii zitakapokwisha Novemba 2028. Mji unaodai usajili, tafuta namba yake kwenye tangazo. Na mwenye nyumba akikuandikia "jirani akiuliza sema wewe ni rafiki yangu", achana naye.

3. Vyumba vya hoteli. Kila wawili na bafu lao, kila mtu na bili yake. Akijitoa mmoja, wengine hawaumii sana. Kinachokosekana ni sebule, mwishowe watu sita mnakaa juu ya kitanda kimoja kama kuku kwenye tenga. Ukitaka vyumba vyenye mlango wa kati, viombe kwa maandishi, maana "vyumba jirani" si hivyo. Kwa usiku mmoja au miwili, hii naipandisha namba moja.

4. Hosteli, chumba kizima. Mara nyingi bei yake ni ya chini kuliko zote, mradi mjaze dabodeka zote wenyewe. Bebeni kufuli. Baadhi zina kikomo cha umri, usome masharti.

Kwa ndugu wa mmoja wenu? Mkizidi wawili, hapana. Mtamchosha, naye hatasema.

Sasa mahali, ambapo makundi mengi hupigwa. Umbali kutoka katikati ya mji haukuambii kitu. Kinachokuambia ni treni ya mwisho. Treni za New York hukesha, lakini London ni laini chache tu zinazokesha, tena Ijumaa na Jumamosi, na za Tokyo hulala karibu na saa sita au saa saba usiku. Baada ya hapo ni teksi, na katika miji mingi teksi ya kawaida hubeba wanne. Nyinyi sita mnalipa mbili, kila usiku, na nafuu ya fleti ya pembeni imeisha. Fungua ramani, weka saa saba usiku wa Jumanne, tafuta njia ya kurudi kwenye nyumba unayoitamani. Ikikupa basi mbili na mwendo wa nusu saa kwa miguu, tafuta nyingine.

Kadi inayolipia huwa ya mtu mmoja, na ndiye anayebaki na deni. Kwa hiyo chukueni nafasi inayoruhusu kughairi bure, mchangishane wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho ya kughairi kupita. Kama kuna asiyetoa kufikia siku hiyo, ghairini mtafute ya watu watano.