Gitaa la uso wa Sitka: mulika tundu kabla hujatoa hela

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena. Leo niko na gitaa hili la akustika. Jina la kampuni nimelifunika kwa selotepu, maana hawajanilipa hata senti. Ninachotaka tukichambue ni huu ubao wa mbele, huu mweupe unaoelekea umanjano. Ni sprusi ya Sitka, mti wa jamii ya misonobari.

Sitka ni mji wa Alaska, na mti umepata jina huko. Unaota kwenye ukanda mwembamba wa pwani ya Pasifiki, toka Alaska, ukapita Kanada, hadi kaskazini mwa California, kwenye mvua na ukungu. Mirefu yake inapita mita 90. Mbao yake ni nyepesi lakini haipindi kirahisi. Ndiyo maana mwaka 1917 jeshi la Marekani lilipeleka askari kwenye misitu ya Oregon na Washington wakakate sprusi za kuundia ndege. Ndege, jamani! Na kilichofaa bawa kinafaa gitaa: ubao wa milimita tatu hivi ustahimili mvuto wa nyuzi sita, na bado utetemeke.

Sogeza kamera hapa. Unaona mistari hii, imenyooka na kubanana? Kila mmoja ni mwaka wa mti. Uso wenyewe ni vipande viwili vya gogo moja, vimefunuliwa kama kitabu na kuunganishwa kwa gundi katikati. Kila kipande kimepasuliwa toka upande wa moyo wa gogo kuelekea ganda, na kina upana wa sentimita 20. Piga hesabu gogo lilikuwa nene kiasi gani! Kimti kidogo hakitoi uso wa gitaa.

Sasa tuingie dukani. Magitaa mengi ya bei ya chini yameandikwa Sitka, kumbe ni plaiwudi iliyovikwa utando wa Sitka juu. Washa tochi ya simu, mulika ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya juu ikishuka mpaka chini bila kukatika, huo ni ubao mzima. Ukiona matabaka, ni plaiwudi. Muuzaji akikuzuia kumulika, aga uondoke. Plaiwudi si dhambi, kwa mwanafunzi ni imara na haipasuki hovyo. Ila usiilipie bei ya ubao mzima.

Sikiliza... hapo natumia vidole. Safi, kila uzi unasikika peke yake. Sasa nauchapa kwa piki, hiki kiplastiki cha kupigia nyuzi... umeona? Sauti inazidi kufunguka, haisongwi. Uso wa mwerezi mwekundu, nao wa Marekani, ni mtamu zaidi kwa vidole, lakini ukiuchapa hivi unachoka mapema. Wewe wa kusindikiza kwaya, chukua Sitka.

Kasoro ipo. Ubao mzima unafuata hewa. Kwenye unyevu wa Dar au Mombasa unavimba, nyuzi zinainuka mbali na shingo ya gitaa, vidole vinaumia. Ukilaza gitaa chini ya kiyoyozi usiku kucha, unakauka na unaweza kupasuka. Liweke kwenye boksi lake, unyevu ukae asilimia 45 hadi 55. Kipimo kidogo cha unyevu kinatosha.

Kuna mafundi wanaounganisha Sitka na mgongo wa mpingo, huu huu wa kusini mwa Tanzania. Bei yake sitaki hata kuitaja. Hili langu la mgongo wa mahogani ninalipa alama nane kwa kumi, na mbili nimezikata kwa sababu ya nyuzi zilizokuja nalo. Ukilinunua, zitoe siku hiyo hiyo.