Betri ya lithiamu ukutani, pikipiki ya umeme uani: uzoefu wangu Kisumu

Mimi huangua vifaranga vya kienyeji hapa Mamboleo, Kisumu. Tangu mwaka juzi nyumba yangu, mashine ya mayai na pikipiki ya kupelekea wateja mzigo vyote vinatumia sola. Wageni wakifika huangalia paa kwanza na kuhesabu paneli. Mimi huwapeleka stoo niwaonyeshe kisanduku cheupe kilichofungwa ukutani, kwa sababu hicho ndicho kilichobadilisha mambo. Paneli tumekuwa nazo nchini miaka mingi. Betri ndiyo iliyokuwa ikituangusha.

Nilichofungiwa ni paneli sita za wati 550, inveta ya kilowati 5 (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani), na betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, yaani yuniti 5 na kidogo, yuniti zile zile tunazonunua kwa tokeni. Pikipiki ina betri yake ya karibu yuniti 3. Ukiondoa pikipiki, gharama ya vitu vyote pamoja na nyaya, vizuia radi na kazi ya fundi ilifika kama laki tatu na nusu. Ni pesa nyingi, na mtu anayewasha taa, runinga na simu peke yake sitamshauri aingie gharama hiyo. Anayetegemea stima kupata mkate wake, nina mengi ya kumwambia.

Yai la kuku hukaa siku 21 kwenye joto la nyuzi 37 na nusu hivi. Stima ikipotea saa moja, unafunika mashine kwa blanketi na kungoja. Ikipotea usiku kucha na mayai yamefika wiki ya tatu, asubuhi unavunja maganda na kukuta vifaranga vilivyokamilika, mdomo na manyoya tayari, vimekufa ndani. Giza la nchi nzima la tarehe 25 Agosti 2023 lilizungumzwa sana kwa kuwa liligusa hata uwanja wa ndege wa Nairobi. Lakini sisi wa mitaani tunaumizwa zaidi na giza lisilofika kwenye habari: tawi limeangukia waya, transfoma imelipuka kwa mvua, simu ya dharura inaita bila kupokelewa. Na ajabu ni kwamba stima ya Kenya yenyewe si mbaya. Sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa Olkaria kule Kaunti ya Nakuru, kwenye maji ya mabwawa na kwenye upepo wa Turkana. Hata hapa jirani tuna Sondu Miriu ya megawati 60. Umeme upo na ni safi. Tatizo ni kilomita za mwisho kati ya kituo na soketi yangu.

Kabla ya hapa nyumba ilikuwa na betri nne za asidi, zile nzito za volti 12. Kwenye karatasi zilibeba karibu yuniti 10, lakini betri ya asidi ukiinyonya kupita nusu unaifupishia maisha, kwa hiyo za kutumia zilikuwa tano tu. Hata ukizitunza, mizunguko yake ya kuchaji na kutumia ni mia chache. Zetu zilianza kuchoka mapema. Saa nane za usiku inveta inalia, unaamka, unazima friji ili mayai yapate. Muuzaji alipoulizwa kuhusu dhamana alituzungusha hadi tukachoka.

Hii ya sasa ni lithiamu yenye fosfeti ya chuma, ile mafundi huiita LFP, na ubavuni imeandikwa LiFePO4. Mtu anayenunua betri anapaswa kuyajua maandishi hayo. Ndani yake hakuna kobalti wala nikeli, na oksijeni imeshikwa kwa nguvu na ile fosfeti, hivyo hata ikipata joto kali si rahisi kuwaka kama aina nyingine za lithiamu. Ni nzito kidogo kuliko za nikeli kwa nguvu ile ile, lakini betri ya ukutani haiendi popote, uzito wake si neno. Inavumilia maelfu ya mizunguko, na ninaitumia hadi chini kabisa bila hofu. Kemia hii ilitoka kwa kundi la John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas miaka ya 1990. Mzee huyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kazi yake ya betri za lithiamu, pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino, akiwa na umri wa miaka 97. Namtaja kwa heshima, kwa sababu vifaranga wangu wanamdai shukrani.

Kilichoishusha betri hii hadi ikafika bei ya mtu kama mimi ni magari. Viwanda vya China viliamua kuweka LFP kwenye magari na mabasi, kampuni ya magari ya BYD ikatoa betri yake ya Blade mwaka 2020, na seli, zile betri ndogo zinazopangwa pamoja kuunda betri kubwa, zikaanza kutengenezwa kwa mamilioni. Kwa hesabu za BloombergNEF, watafiti wa masoko ya nishati, betri ya lithiamu iligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila yuniti mwaka 2010. Mwaka 2024 wastani ulikuwa dola 115. Seli kumi na sita zilizopangwa ndani ya kisanduku changu, kila moja ya volti 3.2, ni za ukoo mmoja na zile zinazosukuma mabasi ya umeme ya BasiGo kule Nairobi. Ndiyo maana husema kwamba anayesoma habari za magari ya umeme akadhani hazimhusu kwa kuwa hana gari, asome tena.

Sasa kazi ya kufunga. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, na kwa mfumo unaounganishwa na laini ya stima awe wa daraja la T3. Wangu alikuja na dira, akazunguka nyumba, akapanda paa, ndipo akaniita.

"Mama, upande wa mashariki tuweke nne, magharibi mbili."

"Kwa nini si tatu kwa tatu, fundi?"

"Asubuhi Kisumu kweupe. Alasiri ziwa linaleta wingu, mama. Paneli za magharibi zitakaa bure."

Alikuwa sahihi kabisa. Huku kwetu mvua nyingi hupiga alasiri na jioni, na saa za kuvuna ni kuanzia saa mbili hadi saa nane. Ikifika saa saba mchana siku njema, betri imejaa na inaanza kuchaji pikipiki. Wenzetu wa Nakuru watapata hesabu tofauti, kwa hiyo usinakili paa la mtu wa mji mwingine. Jambo lingine ni mwinamo: tuko karibu kabisa na ikweta, jua hupita kaskazini mwetu mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, kwa hiyo hakuna haja ya kuinamisha paneli sana, mradi maji ya mvua yateremke na kuondoka na vumbi.

Radi ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko kitu kingine. Eneo hili lote, kutoka Kisii hadi Kakamega, hupigwa na radi sana. Fundi aliweka vizuia radi pande zote mbili, upande wa paneli na upande wa laini, kisha akazamisha fimbo ya shaba ardhini. Hapa kuna mawe chini, fimbo ya kwanza ilikwama, akahamia penye udongo wa unyevu karibu na tangi la maji. Kazi hiyo ilikula nusu siku nzima. Mteja mwenye haraka angemwambia aache, na ningemwomba mteja huyo asifanye hivyo, kwa sababu inveta iliyopigwa na radi haitengenezeki kirahisi.

Matumizi ya kila siku: mashine ya mayai hula yuniti tatu hivi, nyumba kiasi kama hicho, pikipiki ikijaa nyingine tatu. Siku ya jua vyote vinapata na kubaki. Wiki za mawingu ya Aprili hazitoshi, na hapo laini ya stima huja kusaidia, hasa usiku. Sijakata waya wa laini wala sikusudii. Uhuru ninaouzungumzia ni kwamba stima ikipotea sijui hata imepotea, mpaka nisikie jenereta ya jirani ikinguruma.

Kuna mambo matatu ambayo wauzaji hawayasemi. Inveta yenyewe hula umeme ikiwa imewashwa tu, bila kubeba kitu. Yangu huvuta kama wati 50, na hizo kwa saa 24 ni zaidi ya yuniti nzima. Ukinunua inveta kubwa kuliko haja yako, unalisha mdomo wa bure kila siku. La pili ni ile asilimia ya chaji kwenye kioo. Volti ya LFP haishuki polepole jinsi ya asidi, hukaa pale pale hadi karibu na mwisho, hivyo bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri hukisia. Ikipita muda bila kujaa kabisa, makisio yanapotoka: inaonyesha 45, dakika chache baadaye 20. Dawa ni kuiacha ijae hadi 100 mara kwa mara ili bodi isawazishe seli na kurekebisha hesabu. La tatu ni masizi. Mashamba ya miwa ya Kibos na Miwani yakichomwa kabla ya kuvunwa, majivu meusi marefu kama nyuzi hutua juu ya paneli, na wadudu wa ziwa wakija kwa makundi huacha utando unaonata. Mimi hupangusa alfajiri kwa maji na kitambaa laini, kabla kioo hakijapata moto. Tofauti inaonekana siku hiyo hiyo kwenye wati.

Pikipiki nayo inahitaji maneno yake. Kuna kampuni zinazokuuzia pikipiki bila betri, unakodi betri na kubadilishana vituoni. Kwa kijana wa bodaboda anayezunguka Kondele na Kibuye mchana kutwa ni mpango mzuri, maana hana muda wa kungoja chaji. Mimi nilikataa, nikachukua inayokuja na betri yake na chaja ya nyumbani. Mwenye paa linalozalisha umeme akikodi betri, amehamisha utegemezi kutoka kituo cha petroli kwenda kituo kingine. Petroli ilipofika shilingi 217 na senti 36 kwa lita Nairobi, Oktoba 2023, huku nasi tulikuwa pale pale, na faida ya vifaranga ilikuwa ikiishia kwenye tangi.

Kwenda Ahero, barabara tambarare, inaenda na kurudi na chaji inabaki. Kwenda Maseno kwa mlima wa Riat na gunia la chakula cha kuku nyuma, utaona asilimia zikiteremka waziwazi, na hapo sijaribu kupitiliza hadi Luanda bila kuchaji kwa mteja. Injini haina mlio, oili haibadilishwi, mnyororo na breki ndivyo vya kuangalia. Ningependa kioo chake kingeonekana vizuri juani. Hilo ndilo lalamiko langu pekee kuihusu.

Wengi huniuliza kwa nini siuzi umeme unaobaki. Kanuni za mwaka 2024 zinaruhusu mwenye sola kurudisha umeme kwenye laini, lakini hulipwi pesa: unapewa nusu ya yuniti kwa kila yuniti uliyotoa, ukaitumie baadaye. Yuniti ninayoihifadhi mwenyewe narudishiwa karibu yote. Hesabu hiyo peke yake ilitosha kuniambia pesa ya ziada niiweke kwenye betri.

Ukienda dukani, jihadhari na lebo. Shemeji yangu wa Kakamega aliuziwa betri iliyoandikwa ampea-saa 100 na seli za ndani hazikufika hata 70. Kupima ni rahisi. Ijaze kabisa, zima paneli na laini, iache ibebe taa na friji na pasi, kisha soma kwenye inveta imetoa yuniti ngapi kabla ya kujizima. Betri mpya ya yuniti 5 ikitoa tatu na nusu, irudishe siku hiyo hiyo, na risiti ya dhamana iwe na namba ya betri iliyoandikwa kwa kalamu mbele yako.

Nafuatilia pia betri za sodiamu, ambazo CATL, kampuni ya betri ya China, walizitangaza mwaka 2021. Zinaweza kutengenezwa kwa magadi soda, na Kenya tunayachimba kule Ziwa Magadi kila siku. Natamani sana siku moja yapite kiwandani hapa nchini yatoke yakiwa seli, badala ya kupakiwa melini yakiwa unga. Kwa sasa sizioni madukani Kisumu, kwa hiyo mpango wangu ni LFP ya pili ya aina ile ile, iunganishwe sambamba na ya kwanza kabla ya mvua za Machi. Fundi ameshaacha nafasi ukutani na waya wa mawasiliano umeningojea ndani ya bomba lake. Nikishaifunga nitaongeza mashine ya pili ya mayai, maana oda za Vihiga na Siaya zimenizidi.