Jimu ya vyuma Mwanga, Kigoma: wamama nendeni, sio ya vijana tu

Jamani kwa mnaouliza ile jimu ya Mwanga ikoje, mi huwa naenda pale nikitoka kazini na naisifia kabisa, hasa kwa sisi tunaoshinda kwenye kiti toka asubuhi, tukitoka hapo tunapanda boda mpaka mlangoni. Wazee wetu walikuwa wanavuta nyavu ziwani na kulima mihogo, misuli ilikuwa inapata kazi tu, sisi inabidi tuitafute.

Mashine za kisasa msitegemee. Kuna vyuma vya kawaida, benchi mbili na vile vya kumwagia zege kwenye makopo ya rangi, ila kazi vinafanya, na umeme ukikatika tizi linaendelea kama kawa.

Kinachonirudisha pale ni kocha. Hugusi uzito mpaka aone unavyochuchumaa, mgongo umekaaje, magoti yameelekea wapi, anakuanzishia na fimbo tupu. Mama wa sukari au presha anamuuliza kwanza kama daktari kamruhusu, na anamwambia dawa asiache. Hilo nimelipenda sana, maana kweli msuli ukifanya kazi unavuta sukari kwenye damu na insulini, ile homoni ya kushusha sukari, inafanya kazi vizuri zaidi, ila sio mbadala wa dawa. Halafu wamama wenzangu, hedhi ikikoma homoni ya estrojeni inashuka na mifupa inapungua haraka, kubeba vyuma kunasaidia ibaki imara, na miguu ikiwa na nguvu hata kuanguka uzeeni kunapungua. Shirika la Afya Duniani linasema watu wazima tufanye mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, kwahiyo sio lazima uhamie huko. Na ile hofu ya kutoka kifua kama mwanaume iacheni, homoni ya testosteroni kwetu ni kidogo mno, misuli haivimbi kirahisi hivyo.

Kasoro zipo. Madirisha ni madogo, joto lake sio la kitoto, na muziki wanafungulia mpaka kocha humsikii anapokurekebisha, hapo wabadilike kwakweli maana mtu ataumia mgongo. Maji ya kunywa beba yako.

Bei ni elfu 2 kwa siku, mwezi elfu 30. Nendeni kabla ya saa 11 jioni, baada ya hapo vijana wanajaa na benchi hampati.