Gari gani la kupita porini? Anza kulitazama kwenye difu

Gari la mwisho nililolinunua kwa ajili ya safari za porini nililikagua kwa saa mbili nzima, na bado nilinunua hasara. Niliwasha injini ikiwa baridi na kutazama moshi wake, nikajaribu gia moja baada ya nyingine, kisha nikalala chali chini ya gari nikiwa na tochi. Chini kulikuwa safi, pamepakwa rangi nyeusi mpya kuanzia kwenye chesisi hadi kwenye ekseli, na muuzaji akanihakikishia kwamba aliyekuwa nalo alilitunza kama mboni ya jicho. Katika safari ya kwanza, baada ya kuvuka mito mitatu, nilianza kusikia mvumo kutoka nyuma, ambao ulipanda kadiri mwendo ulivyoongezeka na kubadilika kila nilipoachia pedali ya mafuta. Fundi alipofungua boliti ya kumwagia oili ya difu, yaani kasha la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu, kilichotoka hakikuwa oili tena. Kilikuwa kitu kizito kilichopauka, mithili ya chokaa iliyokorogwa na udongo, na kwenye ncha ya boliti hiyo, ambayo ina sumaku, uliganda unga wa chuma uliong'aa. Beringi zilikuwa zimekwisha kuliwa na kutu.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa kitu kidogo kuliko kidole gumba. Kila ekseli yenye difu ina kipumulio, yaani tundu lenye kifuniko au mpira mwembamba unaopanda juu, ambalo kazi yake ni kuruhusu hewa ya ndani itoke inapopata joto na iingie inapopoa. Gari likishatembea kwa muda, difu huwa ya moto. Likiingizwa ghafla mtoni, hewa iliyomo ndani hupoa na kusinyaa, na difu huanza kuvuta. Kipumulio kikiwa wazi na kikiwa juu ya maji, huvuta hewa. Kikiwa ndani ya maji, huvuta maji. Kikiwa kimeziba, difu hutafuta njia nyingine kupitia kwenye sili, yaani mipira ya kuzibia, ambazo zilitengenezwa hasa kuzuia oili isitoke, wala si kuhimili mvuto wa namna hiyo. Kipumulio cha gari langu kilikuwa kimezibwa na matope makavu, na juu ya matope hayo ndipo ilipopakwa ile rangi nyeusi niliyoisifu.

Kwa sababu hiyo, mwongozo huu hautazungumzia nguvu za injini, viti, wala ukubwa wa skrini, kwa kuwa mambo hayo kila mnunuzi huyaona mwenyewe. Nimeyapanga magari kwa kigezo kimoja ambacho wauzaji hawakitaji na wanunuzi wengi hawakiulizi: je, gari hili litakapokuwa limezeeka na limepita matopeni mara nyingi, maji yataingia wapi, na yakishaingia, matengenezo yatakuwa magumu kiasi gani?

Ninaloliweka mbele ya yote ni Toyota Land Cruiser la mfululizo wa 70, na sifichi kwamba ndilo ninalolipenda. Lilianza kutengenezwa mwaka 1984 na umbo lake la msingi limebaki lilelile: chesisi ya ngazi (boriti mbili ndefu zilizounganishwa kwa vipande vya kukingama), ekseli ngumu, yaani bomba moja linalounganisha magurudumu mawili, mbele na nyuma, na chuma kinene pale panapohitaji chuma. Ekseli ngumu ina faida isiyoonekana kwenye karatasi za mauzo. Gurudumu moja linapopanda jiwe, ekseli hulisukuma la upande wa pili lishuke na kukanyaga ardhi, na kimo cha difu kutoka ardhini hakipungui hata springi zinapobanwa na mzigo. Ukilipata lenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda 6 na isiyo na tabo, umepata injini ambayo pampu yake ya mafuta hufanya kazi kimakanika, na fundi mzoefu anaweza kuifungua na kuifunga bila kuhitaji kompyuta. Jambo moja la kukumbuka ni kwamba injini hiyo hutumia mkanda wa taimingi, unaoratibu mzunguko wa sehemu za ndani za injini, na mkanda usiojulikana ulibadilishwa lini unapaswa kuhesabiwa kuwa haujawahi kubadilishwa.

Mapenzi yangu kwa gari hili hayanizuii kusema kasoro yake, kwa kuwa inahusiana moja kwa moja na somo letu. Kwenye ekseli ya mbele, pale gurudumu linapokata kona, kuna tufe kubwa lililojazwa grisi, na kati ya grisi hiyo na oili ya difu pametenganishwa na sili moja. Sili hiyo ikichoka, oili ya difu huhamia kwenye grisi na kuiyeyusha, kisha mchanganyiko huo mweusi huanza kuvuja kwa nje na kuchuruzika hadi kwenye gurudumu. Mnunuzi akiona uchafu wa mafuta sehemu hiyo asikubali kuambiwa kwamba ni grisi ya ziada. Ni kazi ya kufungua mbele yote, ingawa ni kazi inayojulikana vizuri na ambayo ikifanywa ipasavyo hudumu miaka mingi. Vipumulio vyake navyo, wamiliki wengi huvirefusha kwa mipira hadi kwenye boneti, na mimi ningefanya hivyo kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kupamba gari.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisilipe nafasi hii Land Cruiser Prado, ambalo ni laini zaidi barabarani. Tangu mfululizo wa 90 wa mwaka 1996, Prado lina springi zinazojitegemea kwa mbele. Difu yake ya mbele imefungwa kwenye chesisi badala ya kuning'inia na magurudumu, jambo ambalo ni zuri kwa upande wa maji, lakini shafti zake za mbele zimefunikwa kwa mipira laini ambayo tawi moja kavu linaweza kuichana, na mpira ukichanika, mchanga huingia na kusaga kiungo cha ndani. Kwa mtu ambaye safari zake nyingi ni za vumbi na changarawe, Prado linamtosha kabisa. Kwa njia ya mawe na mito nisingelichagua.

La pili ni Nissan Patrol, hasa umbo la Y61 lililotoka mwaka 1997, ambalo lina ekseli ngumu mbele na nyuma juu ya springi za koili, na hivyo hukunja na kunyoosha magurudumu yake vizuri sana kwenye makorongo. Injini yake ya TD42, dizeli ya lita 4.2 na silinda 6, huendesha taimingi kwa gia za chuma na haina mkanda wa kukatika, na kwa hilo nakiri inaizidi 1HZ. Tatizo ni kwamba wengi hununua jina la Patrol bila kutazama injini. Dizeli ya lita 3.0 inayoitwa ZD30, hasa zile za miaka ya mwanzo, ilipata sifa mbaya ya kuharibu pistoni, na matangazo ya mauzo huandika "Patrol dizeli" kana kwamba injini hizo mbili ni kitu kimoja. Sihitaji kusema mengi kuhusu Y62 iliyokuja mwaka 2010, kwani hilo ni gari la namna nyingine: injini ya petroli ya V8 na springi zinazojitegemea pande zote nne.

La tatu ni Jeep Wrangler, na hapa nazungumzia toleo la Rubicon peke yake. Kwa uwezo wa kupanda mawe likiwa limetoka kiwandani bila kuongezewa kitu, sijui gari la bei inayokaribiana nalo linaloliweza: lina difu loki, yaani kifungio kinacholazimisha magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, mbele na nyuma, gia nzito ya uwiano wa 4 kwa 1 ambayo hulifanya litambae polepole bila kuchosha breki, na, kuanzia mwaka 2007, swichi ya kuachanisha fimbo ya mbele ya kuzuia kuyumba ili magurudumu yashuke zaidi. Kilichonifanya niliweke la tatu ni ekseli yake ya mbele ambayo, bushi na viungo vya usukani vikilegea, huweza kuanza kutetemeka kwa nguvu gari likipita kwenye bonde dogo kwa mwendo wa barabara kuu, na dereva akalazimika kupunguza mwendo hadi karibu kusimama. Hali hiyo hutibika, lakini muuzaji anaweza kuificha kwa muda kwa kubadilisha kifaa cha kupunguza mtikisiko wa usukani huku viungo vilivyochoka vikibaki palepale. Lijaribuni barabarani kwa kasi, wala msiridhike na mzunguko wa uwanjani.

Land Rover Defender naliweka la nne, nikijua kwamba wanaolipenda watasononeka. Lile la zamani, ambalo lilimalizika kutengenezwa huko Solihull, Uingereza, Januari 2016, ni gari lililofikiriwa vizuri kuhusu maji. Waliolibuni waliweka hata boliti maalumu ya kuziba tundu la chini la nyumba ya klachi kabla ya kuvuka mto, ambayo hufunguliwa tena baadaye ili kilichovuja kidondoke, na ni jambo la kusikitisha kwamba wamiliki wengi hawajui ipo. Mwili wake ni wa alumini, na wauzaji hulitumia neno hilo kudai kwamba haliozi. Chesisi yake ni ya chuma na huoza, tena huanzia ndani, na pale alumini inapogusana na chuma kwenye unyevu, alumini yenyewe huliwa na kugeuka unga mweupe. Gongeni boriti ya nyuma kwa kishikio cha bisibisi na msikilize: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Lenye injini ya Td5 lina ugonjwa wake wa pekee, ambapo oili hupenya kwenye waya za injekta na kusafiri taratibu hadi kwenye plagi ya kompyuta ya injini. Chomoeni plagi hiyo. Ikiwa na oili, mnajua cha kufanya.

Defender jipya, la kuanzia mwaka 2020, linaweza kupita kwenye maji ya kina cha sentimita 90 likiwa na springi za hewa. Hata hivyo takwimu ya aina hiyo, kwa gari lolote, hupimwa gari likiwa jipya, sili zikiwa nzima na vipumulio vikiwa wazi, na sijawahi kuona tangazo la gari lililotumika likilieleza hilo. Kwa gari lenye umri wa miaka kumi, kina halisi hakiwezi kuzidi pale mpira wa kipumulio unapoishia.

Kuhusu magari ya bei nafuu nitasema machache. Suzuki Jimny lina chesisi ya ngazi, ekseli ngumu mbele na nyuma na wepesi unaolipitisha mahali ambapo makubwa huzama, lakini katika umbo lililouzwa kuanzia 1998 hadi 2018, habu za mbele, zinazounganisha magurudumu na shafti zake, hufungwa kwa mvuto wa hewa kupitia mipira midogo ambayo ikipasuka, magurudumu ya mbele hayavuti. Ni gari zuri kwa watu wawili wasio na mizigo.

Sasa niseme lililo moyoni kuhusu wauzaji. Gari hufungwa magurudumu makubwa, taa za juu ya paa na snokeli, yaani bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu, kisha bei hupandishwa kwa kiasi kinachozidi thamani ya vitu vyote hivyo, ilhali snokeli hulinda injini peke yake na haina msaada wowote kwa difu. Mipira ya kurefusha vipumulio ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa katika gari zima, na ni nadra kuona muuzaji ameifunga, kwa sababu haionekani kwenye picha. Kinachoniudhi zaidi ni rangi ile nyeusi. Aliyeipaka alikuwa chini ya gari, akiwa na brashi mkononi, uso wake ukiwa karibu kabisa na kipumulio kilichojaa matope, naye akapaka juu yake. Nilipompigia muuzaji simu, alinijibu kwamba gari la porini lazima liingie maji, na kwamba nililipokea baada ya kulikagua mwenyewe.

Kwa hiyo, gari liwe limelala usiku kucha bila kuwashwa, kisha fungueni kidogo boliti ya chini ya kila difu. Maji ni mazito kuliko oili na hutulia chini, hivyo yakiwepo ndiyo yatakayodondoka kwanza. Fungueni pia boliti ya kujazia, ingizeni kidole kisafi na mtazame oili kwenye mwanga: ikiwa nyeusi ni ya zamani tu, ikiwa imepauka imekunywa maji. Fuateni kipumulio kwa mkono mpaka mwisho wake, chomoeni mpira na kupuliza. Tazameni na ndani ya magurudumu ya nyuma, kwa sababu difu iliyozibwa hujaza shinikizo inapopata joto na kusukuma oili hadi kwenye breki. Kazi yote hii haichukui hata nusu saa, nami nimejiwekea sharti kwamba muuzaji asiponiruhusu kuifanya, sirudi kwake hata akinipunguzia bei.

Gari likishakuwa lenu, mwageni oili za difu zote mbili, za giaboksi na za transfa (kasha linalogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) na mjaze mpya kabla ya safari ya kwanza, hata kama zinaonekana safi, na mrefushe vipumulio siku hiyohiyo. Mkifika mtoni, simameni kwanza kwa muda kabla ya kuingia, ili ekseli zipoe zikiwa bado nchi kavu.